Marahaba ya Kwenye Televisheni

Mwanafunzi mwenzangu chuoni Dodoma aliweka televisheni darasani, ikionyesha wazee aliowarekodi mtaani kwa video. Kila mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Marahaba." Basi. Mwalimu akasema hiyo ni sanaa mpya, tuandike maoni. Niliandika kwa hasira kwamba ni upuuzi mtupu, televisheni haijui inamwitikia nani.

Baba yangu, fundi wa kuchomelea vyuma Kizota, alikuwa mmoja wa wazee wale. Mwaka uliofuata alifariki. Baada ya arobaini niliiazima ile kanda. Sura yake ilipotokea, nikajikuta nasema, "Shikamoo, baba." Akanyamaza kidogo, kama kawaida yake, kisha akaniitikia.

Nilipoirudisha, mwenzangu aliikataa, akanipa niwe nayo. Hakunikumbusha hata neno moja la yale niliyoandika.