Siku Niliyoruka Kutoka Kwenye Trela

Mmeniuliza mara nyingi mbona kwenye harusi natafuta kiti cha nyuma kabisa, na mimi huwajibu kwamba spika zinaniumiza masikio. Uongo mtupu. Ni aibu, na leo acha niiteme, maana imenikaa kifuani miaka mingi.

Mnajua zamani nilipiga gita. Si la kanisani, hapana, roki, ile ya kelele, katika klabu moja pale Kitale miaka ya themanini, nywele zimesimama, suruali ya ngozi imebana mpaka nikitaka kukaa lazima nifikirie kwanza, na kwenye dramu alikuwa Jagdeep, mtoto wa Kalasinga mwenye duka la vyuma, ambaye babake alidhani kila Jumamosi anabaki dukani kupanga misumari. Kila mwisho wa shoo nilipanda juu ya spika nikaruka, na watu wakanidaka. (Walinidaka kweli. Nilikuwa mwembamba.) Kisha disko likaja, klabu ikageuzwa stoo ya mahindi, Jagdeep akarithi duka pamoja na kitambi, akaniandika kazi ya kuuza nati na bolti.

Shida ni kwamba mwili haukuambiwa mambo yameisha. Nikila, mguu unatingika. Nikilala, vidole vinapiga gita kwenye mgongo wa mke wangu Nekesa. Wiki hii nataka kufufua bendi, wiki ijayo nataka tuhamie Nairobi. Nekesa akachoka, akachukua watoto akaenda kwao Ndalu. Miezi mitatu nyumba ikawa kimya mpaka nikaichukia. Ndipo akanitumia ujumbe: kakake anaoa, nije, nivae koti, nitulie siku nzima mbele ya wazee wao, na jioni tutarudi Kitale sote.

"Kukaa tu, Baba Simiyu," aliniambia nilipofika. "Si naomba hiyo moja tu?"

Nikakaa. Haki ya Mungu nilikaa, kuanzia kanisani hadi wali, mikono nimeikalia, Jagdeep kando yangu (pikapu ilikuwa yake). Mama mkwe alikuwa hema la pili, amenipa mgongo, maana kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani wala hawashikani mkono, na mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani ili mwenzake apite. Hata uso wake sikuwa naujua vizuri.

Sasa vijana wa bendi walikuwa juu ya trela ya trekta, na waya mmoja wa gita lao ulikuwa umelegea. Mmoja tu! Wimbo wa kwanza nikavumilia, wa pili nikauma meno, wa tatu nikamwambia Jagdeep naenda kuukaza, dakika moja.

"Wewe kaa chini, bana. Ukishika hiyo gita hutarudi."

"Ni kukaza tu."

Nikakaza. Lakini ukikaza lazima ujaribu, na nilipojaribu kwa wimbo wetu wa klabuni nikasikia dramu nyuma yangu, nikageuka, nikamwona Jagdeep na kilemba chake ameshamwondoa kijana wa watu kwenye kiti (leo anakana). Watu wakasimama, miluzi ikapigwa, mzee mmoja akarusha kofia juu, na Nekesa peke yake anatikisa kichwa polepole, namwona kabisa, lakini vidole si vyangu tena. Wimbo ukafika pale mwisho wake wa zamani, miguu ikanipandisha juu ya spika, nikaruka.

Watu wakanipisha! Wakanipisha kama ng'ombe aliyekata kamba. Nikapitiliza, suruali ikapasuka nyuma, nikatua kwenye meza ya hema la pili, na nilipoona naserereka nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu. Mkono. Nikainua macho, na ule uso nisioujua nikaujua.

Yeye hakupiga kelele, alijifunika leso tu. Kelele alipiga mjomba wa Nekesa.

"Ati umeshika mama mkwe? Toka! Usilete mguu hapa mpaka ulete kondoo na blanketi tusafishe hii maneno!"

Mabegi ya watoto yalikuwa yameshapangwa mlangoni, tayari kwa safari. Nekesa akayarudisha ndani, moja moja, bila kunitazama. Hapo ndipo nilipoumia. Nikapanda pikapu nimejifunga gunia kiunoni.

"Lakini tulipiga," Jagdeep akasema tulipofika Kiminini.

"Nyamaza."

Mwezi mzima nikatafuta kondoo na blanketi, nikarudi, nikakalishwa kwenye kigoda uani, wazee wakasema yao, nyama ikaliwa, mama mkwe akiwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mwishowe Nekesa akatoka na mabegi, na watoto, na ujumbe, kwa sababu mama hawezi kuongea nami ana kwa ana.

"Mama anasema ule wimbo hukuumaliza. Anauliza unaishaje."

Wazee wote wakanigeukia. Nami nimeapa tangu siku ile: gita la watu harusini siligusi, hata likiwa na waya mmoja. Nikamwambia Nekesa amjibu mama kwamba wimbo uliisha palepale mezani, kisha nikaukalia mguu wa kulia, maana ulikuwa umeshaanza kutingika.