Rufaa ya Baba Watoto Wangu

Mama mkwe wangu alikuwa anakuna nazi pale mwanawe alipoingia na begi la kijeshi begani, asubuhi, siku ambayo haikuwa ya ruhusa. Tulikuwa tunakaa Sur, huku Oman, wakati huo, miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza, katika nyumba ya kupanga yenye ua mdogo wa saruji. Mbuzi ya nazi aliyoikalia bibi yule ilitoka naye Unguja, imefichwa ndani ya godoro. Baba watoto akaliweka begi chini, akamwamkia mama yake shikamoo. Mama akaitikia marahaba bila ya kunyanyua macho. Kisha akayanyanyua.

"Mbona leo?"

"Nimeachishwa kazi, mama."

"Kwa kosa gani?"

"Nimempiga kofi mkubwa wangu."

Mie nilikuwa nimesimama mlangoni, mtoto kiunoni, nikangoja kusikia zaidi.

"Kakufanya nini hata umpige?" mama mkwe akamuuliza.

"Hasira tu, mama."

Akaingia ndani, akalala mpaka adhuhuri. Maneno hayo ndiyo tuliyopewa, sisi wanawake wawili wa nyumba ile, na kwa miaka mingi hatukupewa mengine.

Alikuwa askari wa majini, wale wanaofunzwa kushuka kwenye boti na bunduki zao na kukimbilia nchi kavu. Alikuwa koplo. Kazi yake aliipenda kwa namna ambayo mie, mke, niliwahi kuionea wivu. Sare yake hakuniachia niipige pasi hata siku moja. Alitandika blanketi sakafuni, akafungua redio, akapiga mistari ya mikono mpaka ikasimama kama kisu, na mie nikijifanya nina kazi chumba kile kile ili nimtazame.

Cheti walichompa nilimsomea mie. Yeye alikuja Oman kijana mkubwa, ulimi wake umekwishakomaa kwa Kiswahili. Kiarabu alijifunza kambini, Kiarabu cha amri na mzaha, na kukisoma alikisoma kwa tabu. Cheti kiliandikwa kuwa ameondolewa jeshini kwa utovu wa nidhamu. Niliposita kwenye neno lile, akaniambia, "Soma tu. Wameandika kweli. Nilimpiga."

Baada ya hapo nilihamishiwa Ibra, kufundisha Kiingereza skuli ya wasichana, na sote tukahamia huko. Nikikumbuka Ibra ya miaka ile, kitu cha mwanzo kinachonijia ni mama mkwe wangu anajitayarisha kwa Jumatano. Jumatano kulikuwa na soko la wanawake watupu, wanaume hawatii mguu, nalo bibi yule alilipenda kuliko sikukuu. Alitoka na buibui lake la Kiunguja na kikapu, anakwenda kuvutana bei na mabibi wa Kibedui waliovaa barakoa. Kiarabu chake kilikuwa ni salamu, na "la", na "yallah". Mengine yote aliyasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, kana kwamba aliyekosa ni msikilizaji.

"Bibi, kitambaa hiki kina doa! Nawe unanambia bei hiyo, huoni haya?"

Bibi wa Kibedui akamjibu kwa Kiarabu, maneno mengi, mikono inarukaruka. Basi wanakwenda hivyo, kila mmoja na lake, mpaka wanaafikiana na kucheka. Alirudi na udi, mdalasini, hina ya wajukuu, na siku moja kuku mzima aliyefungwa miguu ambaye hatukujua kampata vipi. Watoto wangu walimsikiliza akisimulia safari ile ya soko huku wanatafuna visheti, na Kiswahili walichonacho leo, japo kimechakaa, ndicho walichokiokota pale mkekani.

Baba watoto alipata kazi ya udereva kwenye kambi moja ya watalii pembezoni mwa mchanga, upande wa Al Mintirib. Aliwapandisha Wazungu vilimani kwa gari, akawashusha wakipiga kelele. Alikuwa dereva mzuri. Alijua kupunguza upepo wa matairi mpaka gari ikateleza juu ya mchanga kama sabuni. Akirudi nyumbani, mchanga ulidondoka mifukoni, viatuni, masikioni, na mama yake akimfuata na fagio.

"Unatuhamishia jangwa zima humu ndani. Ungebaki kwenye kazi yako ya heshima, ungeniletea mchanga? Hasira hasara, mwanangu. Mungu kakupa riziki safi, ukaitupa kwa kofi."

"Kweli, mama."

Kila mara alimjibu hivyo. "Kweli, mama." Siku ya taifa, gwaride lilipoonyeshwa kwenye televisheni, aliondoka taratibu akaenda kumwagilia mndimu wetu nyuma ya nyumba, hata kama ulikwishamwagiliwa. Mama mkwe alimwangalia akitoka, akatikisa kichwa, akanambia, "Huyu moyo wake umebaki kule. Mjinga huyu." Nami nilikubaliana naye. Nilimwona ni mtu mwema aliyejiharibia mwenyewe, na nilimpenda hivyo hivyo.

Bibi yule alifariki miaka ya elfu mbili imeanza, siku chache baada ya Idi, baada ya ugonjwa mfupi. Tulimzika Ibra. Wale mabibi wa sokoni walikuja matangani na barakoa zao, wakakaa nami, wakaacha kahawa na tende.

Msimu wa baridi uliofuata, skuli zimefungwa, nilikwenda na watoto kambini kumtazama baba yao. Siku hiyo akaja mgeni na familia yake, mtu wa Jalan Bani Bu Ali, kupanda mchanga kama Wazungu. Aliposhuka kwenye gari yake akamwona baba watoto, akasimama. Wakakimbiliana, wakagusana pua kama desturi ya huku, wakashikana mabega. Walikuwa kikosi kimoja zamani. Tulikalishwa pamoja kwenye kivuli, wake na waume, na baada ya kahawa yule bwana akasema kwa Kiarabu:

"Maneno aliyokwambia yule luteni juu ya mama yako, mimi sijayasahau. Sote tuliokuwa kwenye mstari tuliyasikia. Tukadhani utayasema ulipohukumiwa. Ukanyamaza kama jiwe."

Baba watoto akaangalia kikombe chake.

"Siku hizi ipo kamati jeshini inayopitia kesi za zamani," mwenzake akaendelea. "Peleka rufaa. Mimi nitakuja kusema nilichosikia."

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza, "Luteni alisema nini juu ya mama?"

"Yamepita hayo, bibie."

"Nimekuuliza."

Tukafika kwenye lami. Akasimamisha gari, akachutama kujaza upepo matairi, na huko chini, pampu inanguruma, akanieleza. Luteni alikuwa kijana, mgeni kikosini. Alimtaka airudie amri mbele ya makuruta. Yeye akajikwaa kwenye neno moja la Kiarabu. Luteni akamuuliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote, nani aliyemlea, kisha akasema jambo juu ya mama yake na juu ya lugha aliyomlea nayo. Jambo lenyewe sitalitia hapa. Bibi yule hastahili kutajwa nalo.

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesema, habari ingefika nyumbani. Sur watu wanajuana. Mama angejua kazi yangu imepotea kwa ajili yake, na Kiswahili chake. Angelibeba hilo mpaka kaburini." Akafunga kifuniko cha tairi. "Bora anione mie nina hasira."

Nikakumbuka fagio, na "hasira hasara", na "kweli, mama" zake zote zile. Nililia pale kando ya barabara, watoto wananishangaa. Alinipa kitambaa cha kufutia kioo, kinanuka petroli, nikajifutia hicho hicho.

Rufaa niliiandika mie, kwenye meza ya jikoni, naye amesimama nyuma ya kiti. "Usiandike kuwa sikumpiga," akanambia. Nikaandika kuwa alimpiga. Hakudai kurudishwa kazini wala mshahara, umri ulikwishampita. Aliomba neno moja tu lifutwe kwenye cheti, lile la utovu wa nidhamu. Nilipomaliza nikatia karatasi kwenye bahasha. Akaitoa mkononi mwangu.

"Lazima nikamwone kwanza."

"Ukamwone nani?"

"Luteni. Siwezi kumsema mtu kwa nyuma."

Nilimwambia ana wazimu. Akanambia vizuri, ana wazimu, lakini Ijumaa tunakwenda Nizwa. Mwenzake wa Jalan alikwishamwambia kuwa luteni yule kapanda vyeo, kastaafu, na sasa anashughulikia shamba lake la mitende huko. Nilipika vileja vya kuchukua, maana kupeleka halua Nizwa ni sawa na kupeleka karafuu Pemba.

Tulimkuta shambani, kanzu kaifunga kiunoni, miguu kwenye matope ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende. Ndevu zimeingia mvi. Alimtambua baba watoto papo hapo, na mkono wake mwenyewe ukamwenda shavuni. Sidhani kama mwenyewe alijua. Kisha adabu ya Kiomani ikachukua nafasi yake. Akatukaribisha, akamwita mkewe, mkeka ukatandikwa kando ya maji, ikaja kahawa. Habari zikaulizwa, za afya, za watoto, za mvua. Ndipo baba watoto akamwambia kilichomleta.

Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho.

"Kofi nalikumbuka," akasema. "Neno, wallahi, silikumbuki. Nilikuwa kijana, nyota mpya begani, nikimtukana kila mtu."

"Mie kofi silikumbuki vizuri," baba watoto akamjibu. "Neno nalikumbuka."

Yule bwana akaweka kikombe chini.

"Liseme basi, nilisikie."

"Sitalisema. Mama yangu amekufa."

Mke wa yule bwana akaniangalia mie, nami nikaangalia mitende.

"Kitu nisichokikumbuka siwezi kukiapia," luteni yule wa zamani akasema. "Nitakuwa mwongo."

"Sikuja kukuomba uape. Nimekuja kukwambia kuwa utatajwa, usije ukasikia kwa watu."

Waliagana kwa mikono. Njia nzima ya kurudi mie nilichemka. Nilisema mtu huyo hana haya, nilisema vileja vyangu vimekwenda bure. Baba watoto aliniachia niseme mpaka nikachoka.

"Amesema kweli yake," akanambia. "Wewe ulitaka aseme uongo kwa kuwa una faida kwetu?"

Kamati ilimwita Maskati baada ya miezi kadhaa. Mie sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye chumba cha kungojea na chupa ya chai mapajani, nikisoma Yasini. Baba watoto alivaa kanzu nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe. Mwenzake wa Jalan aliingia, akatoka, akanipungia mkono kuwa mambo si mabaya. Halafu nikamwona yule bwana wa Nizwa anapita mbele yangu, na fimbo yake na kilemba kizuri, anaingia ndani. Hakuna aliyemwita. Nilidhani kaja kummaliza.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa ndani ya gari, tena kwa kuyavuta, kwa kuwa baba watoto si mtu wa kusimulia. Yule bwana aliwaambia wanakamati kuwa neno halikumbuki na hatalitia kinywani. "Lakini nimekaa shambani nikafikiri," akasema. "Nakumbuka kofi liliponijia nilikuwa ninacheka. Na mstari mzima walikuwa hawacheki. Basi nilikwishasema kitu."

Wakamgeukia baba watoto, wakamuuliza kwa nini siku ile hakujitetea. Akaanza kujibu kwa Kiarabu, na Kiarabu kikamkimbia, kama kilivyomkimbia siku ile uwanjani. Alisimama pale anatafuta maneno. Mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi, akamwambia kwa Kiswahili, Kiswahili cha bara, cha Tabora, "Sema kwa lugha yako, bwana. Mimi nitawafasiria wenzangu."

"Ukasema nini?" nikamuuliza.

"Nikasema kama nilivyokwambia wewe pale kwenye tairi."

"Na yeye?"

"Akafasiri. Akafasiri vizuri sana." Akabadilisha gia. "Nililia, bibie. Mbele yao."

Barua ya majibu ilikuja skuli kwangu, maana Ibra hatukuwa na sanduku letu la posta. Sikuifungua. Nilimpelekea, akaisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya mstari. Kofi lilibaki limeandikwa kuwa alilipiga, na kuwa alichokozwa. Lile neno la utovu wa nidhamu walilifuta. Cheti kipya kilisema kuwa utumishi wake ulikwisha. Nilimngoja afurahi. Aliikunja barua, akasema, "Mama angekuwa hai nisingeomba," akachukua ufunguo wa gari, kwa kuwa watalii walikuwa wanamngojea.

Jioni alirudi na mbuzi wa kuchinja na akawaita majirani. Sababu hakuwaambia. Alikula sana, na alimcheka mtoto wetu wa mwisho aliyesema "viti hizi", akamsahihisha, jambo ambalo zamani alimwachia mama yake.

Idi iliyofuata, bila ya taarifa, yule bwana wa Nizwa akaja kwetu na mkewe na vikapu viwili vya tende. Wakakaa barazani, yeye na baba watoto, wakazungumza juu ya matairi, na bei ya maji, na nani kafa na nani kastaafu, hadi adhana ya laasiri, wakaenda kusali pamoja. Neno halikutajwa. Mke wake alinisaidia jikoni, akanambia mumewe hulala vibaya siku hizi, nami nikaendelea kuosha vikombe. Mie yule bwana sikumpenda siku ile, wala baadaye sikuweza kumpenda. Lakini aliporudi kutoka msikitini na kuuliza kama vile vileja vya siku ile vipo, nilimjazia sahani.