Salamu Nisizojibu Njiani Gilgil

Idd ilipita, ndugu yangu Salim hakuja Nakuru. Ya pili ikapita, vile vile. Nikamwambia mke wangu Mwanaisha kwamba mdogo wangu ameanza kuringa, maana alikuwa fundi cherehani Gilgil na wazungu walimpelekea suti zao. Nikaamua kwenda kumwuliza mwenyewe, kwa gari langu, kama mtu mzima na heshima zake.

Saa tatu asubuhi tulitoka. Zamani ningetoka alfajiri, lakini kwa miaka miwili nilikuwa nikingoja jua lipande. Sababu sikukosa: baridi inaharibu injini, polisi wa vizuizi ni wasumbufu asubuhi. Usiku nao niliuacha, nikasema njia zina hatari siku hizi, na kwa kuwa zilikuwa na hatari kweli, hakuna aliyenihoji. Ukweli ni kwamba macho yangu yalikuwa yameingia ukungu, na dereva wa miaka thelathini hamwambii mtu neno hilo.

Tulipofika Lanet Mwanaisha alisema, "Inua mkono."

Nikainua. "Nani?"

"Hamisi kinyozi. Ameshapita."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kila aliponisindikiza. Mjini walikwisha anza kusema nina majivuno, napita watu bila salamu. Niliwaacha waseme. Mwenye majivuno bado huitwa dereva.

Karibu na Kikopey vumbi la lori lililotutangulia lilitufunika. Nikaendelea.

"Simama, Baba Rukia."

"Kuna nini?"

"Ng'ombe."

Nilikanyaga breki. Mbele yangu kitu chekundu kilikuwa kinavuka polepole, nikangoja mpaka kikaisha. Mwanaisha hakunilaumu, na nilimkasirikia kwa kutonilaumu.

Saa tano tukawa Gilgil. Salim alitukaribisha kwa chai na mkate, kwa adabu anayofanyiwa mgeni wa mbali. Binti yake Zuhura, mwenye miaka minane, akanibusu mkono. Nikamwuliza habari za chuoni. Akabaki kunitazama mdomo. Homa ya mwaka uliopita ilimwachia uziwi. Hilo tulilijua, na tulilia nao.

Mtoto alipotoka nikasema, "Salim, nimekukosea nini?"

Alikoroga chai yake. "Siku Zuhura aliposhikwa na homa nilisimama barabarani hapo nje ya mji, nimembeba. Jioni. Gari lako likaja kutoka Naivasha, uko peke yako. Nikapunga mkono, nikakuita. Ulinitazama usoni, kaka, ukapita. Gari lingine nililipata kesho yake. Daktari akasema tumechelewa."

Niliikumbuka safari ile. Jua lilikuwa limenikaa machoni tangu Gilgil hadi nyumbani, na nilijisifu kwamba nimefika salama.

"Sikukuona," nikasema. "Wallahi, Salim, sikukuona. Macho yangu hayaoni vizuri, miaka miwili sasa."

Nilidhani atafarijika. Aliweka kikombe chini.

"Mimi nimekuwa nikimwomba Mungu akulainishe moyo. Kumbe ulijua huoni, na bado ukashika usukani?"

"Nilijua."

"Basi bora ingekuwa kiburi, kaka. Kiburi ningekusamehe."

Mwanaisha aliinamisha kichwa.

Saa tisa tulipanda treni, daraja la tatu. Gari nililiacha uani kwa Salim, na ufunguo nikauweka juu ya cherehani. Hakuugusa mbele yangu. Njia nzima Mwanaisha alitazama nje ya dirisha.

Nakuru waliniuliza gari liko wapi, nikajibu nimechoka nalo. Wakacheka, wakasema uzee umebisha hodi. Vijana hudhani sisi wazee tunapunguza kuendesha kwa kuogopa baridi, au mgongo, au kufa. Tunapunguza kwa sababu tunajua. Mimi nilijua mapema kuliko mtu yeyote. Nikapunguza usiku, nikapunguza alfajiri, jioni nikajibakizia.