Maziwa Kwenye Supu ya Moraa

Juzi sokoni Birongo mama mmoja aliponda mchaichai kwa mpini wa kisu ili ninunue. Harufu ikanipanda puani, na mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikaskia wivu. Wivu wa zamani, lakini bado moto. Ngoja niwaambie, na msinicheke kabla sijamaliza.

Kwetu ni Ekerenyo, kwenye majani chai. Nikiwa na miaka kumi na miwili, shuleni nilikuwa wa mwisho. Hata nilipoachia shule kidato cha pili hakuna mwalimu aliyelia. Lakini ugali wangu Baba alikuwa akiumega, anatikisa kichwa, anasema, "Huyu Kemunto ako na mikono." Hiyo ndiyo ilikuwa cheti yangu. Sikuwa na ingine.

Basi Anti Kerubo, dada ya Baba, akarudi nyumbani. Alikuwa amepikia familia ya Wavietinamu kule Nairobi miaka mingi, mpaka wakarudi kwao. Alikuja na kisu chembamba, vijiti vya kulia, na chupa ya maji ya samaki yenye chumvi. Alipoifungua, Magokoro, mama ya Baba, alitutuma tutafute panya aliyekufa. Anti akasema kila Jumapili jioni atatupikia vile Wavietinamu wanapikia watu wao, na atafundisha msichana mmoja. Nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Akachagua Moraa.

Moraa, wa miaka kumi, alikuwa binti ya baba mdogo, ameletwa kwetu baada ya mama yake kufariki. Mtoto mnyamavu, hata kukohoa alikuwa anatoka nje kwanza. Mimi nikapewa maji na kuni. Kupitia ufa wa mlango nilimwona Moraa akiunguza sukari mpaka iwe ya kahawia, halafu analaza samaki juu yake. Niliona akipika supu ya samaki na nanasi, anaponda mchaichai kwa mpini wa kile kisu, anakamulia ndimu. Siku moja nikaomba kisu, nikakata kitunguu. Anti akaangalia vile vipande. "Kemunto, hii ni ya watu ama ya ng'ombe?" Wakacheka. Nikacheka pia, halafu nikaenda nyuma ya choo nikalia.

Baba alikataa vijiti, akasema mtu aliyechuma majani kutwa hawezi kubembeleza wali. Lakini kwa kijiko alimaliza bakuli. "Moraa, ongeza!" Hiyo "ongeza" ilikuwa yangu. Kila Jumapili niliihesabu ikienda kwa mtu mwingine.

Jumapili moja Anti akaenda matanga Nyanchwa, Moraa akaachiwa jiko peke yake. Alipotoka kuchuma dania, nikaingia, nikaonja supu. Kali! Na sisi mboga ikiwa chungu, kama chinsaga, tunaweka maziwa, inakuwa tamu. Nikawaza: Baba atasifu, niseme ni mimi. Lakini nisiwadanganye, kuna upande wa roho yangu uliotaka iharibike tu. Nikamwaga kikombe kizima.

Maziwa na ndimu! Supu ilikatika ikawa mabonge meupe, kama mtoto amecheua. Nikafunika, nikatoka mbio. Na vile nilivyo na akili, nikaacha kikombe pale mezani, kile nilichokwaruza jina langu na msumari.

Moraa hakuwa na samaki mwingine. Alipakua hiyo hiyo. Anti alikuwa ametufundisha kwamba kabla ya kula, mdogo anakaribisha wakubwa mmoja mmoja. Moraa akaanza. "Magokoro, karibu ule. Baba mkubwa, karibu ule. Mama mkubwa, karibu ule." Akanifikia. "Dada Kemunto, karibu ule."

Baba akachota, akaweka kijiko chini. "Nani ameweka maziwa kwa supu?"

Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

"Ni mimi, Baba mkubwa," Moraa akasema. "Nilifikiri itakuwa tamu."

"Kuleni," Magokoro akasema. "Ugali wa kwanza wa Kemunto ulikuwa na mabonge kuliko haya, na hakuna aliyekufa."

Kesho yake Moraa akaniita jikoni, akaniwekea kitunguu. "Dada, shika kisu hivi. Polepole." Maziwa hakuyataja. Mambo yote ya Wavietinamu ninayopikia watoto wangu leo, ni yeye alinifundisha.

Wakati ule nilifikiri ananiogopa, nikajiona mshindi. Nilikuja kuelewa nilipoolewa Nyamira, mwaka wangu wa kwanza kwenye jiko la mama mkwe. Shemeji yangu mdogo alivunja sahani mbele yangu, na nilipoulizwa, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Ni mimi, Mama." Nikasimama pale na ufagio mkononi, nikamkumbuka Moraa. Supu iliyoharibika alijua atasamehewa. Lakini kumsema mtoto wa nyumba, kwenye nyumba aliyoingia na mfuko mmoja wa nguo, hiyo hakujua ingeishia wapi. Mimi mwaka mzima nililia ati amenichukulia nafasi yangu. Kumbe yeye, kila Jumapili, alikuwa anapika ili asirudishwe.