Mshenga wa Mtoni Aliyesubiri Kukaribishwa

Kwetu Mtoni posa haikupelekwa bila Khalfani. Alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, na hakuwahi kurudi na jibu lililopunguzwa. Vijana wa leo wanajiposea wenyewe.

Mwaka 1998 alikuja barazani kijana nadhifu, Wilbert, wa kampuni moja ya kompyuta mjini. Alisema kila nchi ina jina lake kwenye intaneti, herufi mbili za mwisho wa anwani, na anayelishika ndiye anayeamua nani apewe anwani. Utafanyika mkutano wa kuamua nani alishike letu, na anatakiwa mwakilishi wa wananchi.

"Mbona mmekuja huku?" nikamuuliza. "Hata simu hatuna."

"Ili msije mkasema hamkushirikishwa, mzee."

Maneno hayohayo tuliambiwa kiwanda cha hapa Mtoni kilipouzwa.

Hata hivyo tulimtuma Khalfani, kwa neno moja: jina lishikwe na kamati, na sie wa pembezoni tuwe na kiti humo.

Alivaa kanzu na koti, akaenda, akaketi, akasubiri. Kwa taratibu zetu mshenga hafungui kinywa mpaka wenyeji wamuulize kilichomleta. Hakuna aliyemuuliza. Mwenyekiti alipendekeza jina lishikwe na kampuni ya akina Wilbert, akauliza kama yupo anayepinga. Kimya.

"Basi tumekubaliana, na wananchi wakiwemo," akasema, akimwonyesha Khalfani kwa mkono. Wakampiga picha.

Alasiri alirudi, akatueleza yote bila kupunguza.

"Ukanyamaza?" mkewe Hamisa alidakia kutoka mlangoni. "Bwana we, anayenyamaza ni mwari! Basi wamekuoa!"

Baraza zima likacheka.

"Nilingoja wanikaribishe," akasema Khalfani.

"Si walikukaribisha soda?" nikamwambia.

Asubuhi alivaa kanzu ileile, akaenda ofisini kwa Wilbert, akalisema neno letu mlangoni, bila kungoja kuulizwa.

"Shikamoo, mzee. Ile ishu tumeshaifunga," Wilbert akamjibu. "Picha yako tumeipeleka ng'ambo, kwa wanaogawa majina haya. Wamefurahi sana kuona wananchi wameridhia."

Baada ya hapo wazee wa akina Bakari walimjia, wakitaka akamposee kijana wao. Khalfani alisimamisha cherehani.

"Tafuteni mwingine," akasema. "Huko ng'ambo sura yangu inasema nisilotumwa. Nitawabebeaje lenu?"

Walimbembeleza mpaka kahawa ikapoa. Hakukubali. Posa ile ikapelekwa na mjomba wa kijana, mtu wa maneno mengi, na mimi sikwenda.