Farasi Aliyemtafuta Verlin

Verlin Hatch alifunza farasi miaka thelathini hapa Nebraska, na sikumbuki siku niliyomsikia akipandisha sauti. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwavisha farasi wake viatu, kwa hiyo najua. Nyonga ilipomshinda aliuza shamba, akachukua kazi chuoni ya kuwafundisha vijana kupanda farasi kwa mtindo wetu wa wachunga ng'ombe. Nyumba aliyopewa haikuwa na nafasi hata ya mbuzi, basi akakiachia chuo farasi wake jike, Pepita. Nilimwambia anafanya ujinga. Akasema angalau atakuwa anamwona kila siku.

Mashindano ya vyuo yana utaratibu wake, nami sijaupenda mpaka leo. Wenyeji hutoa farasi, wapandaji hutumbukiza mkono kofiani na kuokota jina, kisha mtu anapanda mnyama asiyemjua na kuingia naye uwanjani papo hapo. Kocha hubaki kwenye uzio. Haruhusiwi kutoa neno wala ishara. Mtu aliyezoea kurekebisha kila kitu kwa mikono yake, sasa mikono iko mfukoni.

Msimu wa kwanza Pepita aliokotwa na binti wa chuo kingine. Alikwenda vizuri mpaka karibu na lango, akamwona Verlin, akasimama. Alipigwa visigino, hakujali. Vijana wakaangua kicheko.

"Kocha, mkeo wa pili anakuita," mmoja akasema.

Verlin alicheka nao. Mkuu wa mazizi, Bi Ostrander, hakucheka. Alimvuta pembeni akamwambia kwa upole kwamba farasi anayemtafuta bwana wake hafai kuwekwa kofiani, na likitokea tena atapelekwa mnadani. Kwetu hakuna asiyejua nani hununua farasi mzee mnadani, naye hamnunui wa kupanda, humnunua wa kuchinja.

Basi Verlin akaanza kumkimbia farasi wake. Kumlisha akawaachia wengine. Siku moja nilimkuta amejibanza nyuma ya marobota ya nyasi, mtu mzima na kofia yake, Pepita akilia kumwita. Nilitaka kumcheka, nikashindwa.

"Atanisahau tu," akaninong'oneza.

"Kwani wewe umeshamsahau?"

Akaishusha kofia usoni.

Mashindano yaliyofuata tulikaa wawili ndani ya chumba cha chakula cha farasi, mlango umefungwa. Tulisikia kwato za Pepita zikizunguka taratibu, safi kabisa. Midomo ya Verlin ilikuwa ikimwelekeza: polepole, geuka, sasa. Halafu kwato zikanyamaza. Tulingoja. Kitasa kilikuwa karibu na mkono wake, asikiguse. Angetoka kumsaidia, vijana wake wote wangeondolewa mashindanoni.

Baadaye tuliambiwa kwamba Pepita alisimama pale pale langoni, akitazama mahali ambapo safari hii hapakuwa na mtu.

Jumatatu lori la mnada likaja. Pepita akagoma kupanda. Walimvuta, wakamsukuma, wakamtikisia ndoo ya shayiri, wapi. Mwisho Bi Ostrander akatuma mtu amwite Verlin. Aliona haya kufanya hivyo, hilo nampa.

Verlin alikuja akichechemea. Hakushika hata kamba. Alitangulia yeye kupanda lori, na Pepita akamfuata mpaka ndani.