Wale Korongo Wawili wa Bondeni Mabawe

Mwezi uliopita tulikwenda kutembea hifadhini. Ilikuwa sikukuu, na sisi watumishi wa zahanati huku Nyarubungo ambao hatukuwa zamu tulikuwa tumeshapanga: twende tukanyooshe miguu, tutazame ndege, tupige picha, turudi. Tulipewa kijana mchangamfu wa kutuongoza, darubini shingoni, akatutembeza asubuhi nzima kwenye nyasi zenye umande. Tuliona hondohondo, tukaona kwarara, tukaona mdiria mmoja ametulia juu ya maji kama pambo la ukutani. Tulipofika ukingoni mwa kinamasi akasema, "Hapa zamani walikuwa wanashuka korongo taji, wengi kweli. Ngoja tujaribu bahati yetu." Akatoa simu, akabonyeza, na sauti ya korongo ikasikika kutoka mkononi mwake.

Owaan. Owaan.

Wenzangu walitega masikio. Akarudia mara ya pili, akaongeza sauti. Hakuna kilichojibu. Mimi nilijikuta nimekaa chini kwenye majani mabichi, na mwenzangu mmoja, akidhani jua limenizidi, akanipa chupa ya maji. Sikuwa na kiu. Nilikuwa nimemkumbuka shangazi yangu.

Wewe uliyekulia karibu na bonde utanielewa upesi. Kwetu ni Mabawe, wilaya ya Ngara. Nyumba yetu ilikuwa mgongoni mwa kilima, katikati ya migomba, na chini yake palikuwa na bonde la mafunjo lililojaa maji mwaka mzima. Jioni vyura walipiga kelele hadi wageni waliolala kwetu walilalamika. Upande mmoja wa bonde hilo kijiji kilikuwa kimeutenga. Haikuruhusiwa kulima, kuchunga wala kukata mafunjo, na ubao ulisimikwa pale njia inaposhukia maji. Sisi watoto tulipaita Hifadhi, kwa majivuno kabisa, kana kwamba kuna simba. Kumbe kulikuwa na ndege tu.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Kwa Kihangaza tulimwita Masenge, nami hadi leo siwezi kumwita vingine. Alikuwa ameolewa Nyakisasa, akakaa kule miaka, mtoto hakupatikana, basi akarudishwa kwao na sanduku lake la bati na jembe. Baba alimjengea chumba nyuma ya jiko. Sijawahi kumsikia akimsema vibaya aliyekuwa mumewe. Alilima, alisuka mikeka, alikaanga karanga kwenye chungu na kutugawia zikiwa bado zinaunguza viganja, na jikoni mwetu mlinukia moshi na maharage na mikono yake.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Tukitoka misa tulikula ndizi na maharage, yeye akaosha miguu, akavaa tena viatu vyake vya kanisani, akanishika mkono. Tunashuka bondeni. Sasa, kijijini kwetu mtu hashuki bondeni na viatu vya misa. Bondeni kuna maji ya kuteka na udongo wa kufinyanga; ukienda kule una ndoo au jembe. Jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi, alikuwa akitusubiri njiani kila wiki.

"Leo tena mnakwenda wapi?"

"Kutazama."

"Kutazama nini?"

"Ndege."

Mama yule alicheka mpaka akashika kiuno. Masenge naye alitabasamu tu. "Macho hayana pazia, dada. Yaache yatembee."

Tulikuwa na njia yetu, inayopita pembezoni mwa mafunjo, mpaka kwenye kichuguu kikubwa. Hapo tuliketi. Masenge alinifundisha kutofautisha kwa masikio kwanza, macho baadaye: huyu ni dudumizi, anaita mvua, wale ni kwarara, wagomvi, hawajui kusema polepole. Lakini tuliokuwa tunawafuata hasa ni korongo wawili, dume na jike, wenye taji la dhahabu kichwani na mashavu meupe. Kwa lugha ya nyumbani wanaitwa imisambi, na wazee walikataza mtu kumgusa hata unyoya. Walilala juu ya mkuyu wa ng'ambo, asubuhi wakashuka kula. Kuna siku walicheza. Mmoja aliinama, akaruka na mabawa wazi, mwenzake akamjibu, wakazungukana pale kwenye majani mafupi kama watu wa harusini. Masenge alikuwa akiwatazama mikono ikiwa mapajani, na uso wake siku hizo ulikuwa uso wa msichana.

Kisha Jumapili moja tukamkuta korongo mmoja.

Alisimama peke yake katikati ya bonde, akiita. Tulisubiri mpaka jua likaanza kuinama, mwenzake hakuja. Wiki iliyofuata hali ikawa ile ile. Ndipo tukasikia kwamba kuna vijana walitega vitanzi vya waya upande wa mkuyu, na kwamba mjini Ngara, kwa mfanyabiashara fulani, kuna korongo anazunguka uani na watu wanapiga naye picha.

Masenge alikuwa mtu wa kuona haya. Hakuwahi kuomba kitu kwa mtu, hata chumvi. Lakini siku ya gulio alinivalisha gauni langu la kanisani, tukaenda mjini, tukauliza nyumba hadi nyumba, tukabisha geti.

Korongo alikuwa pale, kwenye uwanja wa saruji, miguu michafu, akidonoa wali uliomwagwa. Mwenye nyumba, mzee mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa ameketi barazani na mkewe.

"Shikamoo mzee," alisema Masenge, akapiga goti kidogo.

"Marahaba, mama. Karibu. Una shida gani?"

"Mwenzake analia."

"Mwenzake nani?"

"Mwenzake huyu ndege. Yuko kwetu Mabawe, peke yake. Kila siku analia."

Mzee akamtazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Mkewe hakucheka. "Na huyu naye analia hapa," alisema. "Kila alfajiri. Tangu aletwe sijapata usingizi wa maana. Mpe mama wa watu ndege wake."

"Amekatwa bawa," alisema mzee. "Hataruka."

"Manyoya huota, baba."

Mzee akatazama pembeni. "Haya. Mchukue."

Rafiki yangu, sijawahi kupanda tena pikipiki kwa furaha ile. Tulikaa mishikaki: dereva, mimi katikati, Masenge nyuma na korongo kifuani amezungushiwa kitenge, shingo nje, taji linapepea. Barabarani watu walisimama kutuangalia. Masenge aliimba wimbo wa kanisani njia nzima, kwa sauti kubwa, na vumbi likimwingia mdomoni.

Tulimfungua pale kichuguuni. Akasimama, akajikung'uta, akapiga mbiu moja. Kutoka mbali kabisa kwenye mafunjo ikaja sauti nyingine, na kabla hatujarudi nyuma yule wa pili akatua mbele yake. Hawakucheza. Walisimama karibu karibu tu, wakiinamisha vichwa, huku Masenge akijifuta macho kwa kitenge chenye kinyesi cha ndege.

Manyoya hayakuota. Tulingoja msimu wa maharage ukapita, tukangoja mvua nyingine. Siku moja Masenge alimkaribia sana, maana ndege yule alikuwa amemzoea, akalipapasa bawa. Hayakuwa manyoya yaliyokatwa. Walikuwa wamekata kiungo chenyewe, mfupa na yote. Masenge hakuniambia siku ile. Niliona tu amerudi na kukaa jikoni bila kuwasha moto.

Yule mzima hakumwacha. Aliacha kulala juu ya mkuyu, akalala chini na mwenzake kwenye maji. Lakini mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, na watu wa ng'ambo walikuwa wamechimba mifereji kushusha maji wapande kabichi. Kijiji kilikemea, kikakemea, kikanyamaza. Maji yakapungua, vyura wakanyamaza. Asubuhi moja kundi la korongo wageni likapita juu kuelekea kwenye maji, na yule mzima akaruka. Akazunguka akiita, akashuka. Akaruka tena, akashuka. Alifanya hivyo siku kadhaa, na kila mara wa chini alikuwa akikimbia na bawa moja wazi, akijirusha, akianguka kifua mbele. Mwishowe yule wa juu hakushuka.

Aliyebaki akaanza kutembea. Sikutungii. Alishika uelekeo ule ule walikoenda wenzake, akatembea kwa miguu kulifuata bonde. Masenge alitupa jembe, nami nikamfuata. Tulitembea nyuma yake mchana kutwa, Masenge akifukuza mbwa kwa fimbo na kuwasihi watoto wasirushe mawe. Mara mbili alijaribu kumshika amrudishe, ndege akamdonoa mkono ukatoka damu. "Muache," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimzuia. Mwisho wa bonde ndege akapanda upande wa mashamba, akaingia kwenye mahindi ya watu. Tulisikia majani yakichakarika mbele yetu kwa muda, kisha hatukusikia tena. Tulitafuta mpaka mwenye shamba akaja akatwambia tunamvunjia mahindi.

Jumapili baada ya misa tulikuwa uwanjani kanisani. Watoto walikuwa wakikimbizana, na mmoja wao, mtoto mdogo wa ng'ambo, alikuwa amejichomeka kwenye nywele manyoya membamba ya rangi ya dhahabu. Alipotuona alisimama kwa adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza. Umeyapata wapi hayo?"

"Nyumbani. Mbwa walimkamata kwenye mahindi, baba akammalizia."

"Mkamla?"

"Nyama yake ngumu, bibi. Mama akawapa mbwa."

Masenge aliinama, akamrekebishia unyoya mmoja uliokuwa unataka kudondoka, akamwambia, "Haya, nenda ukacheze." Tukarudi nyumbani, tukala ndizi. Hakuosha miguu. Hakushuka tena bondeni, wala mimi sikumwomba.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Ubao wa Hifadhi ulikuja kuonekana ukiwa mlango wa banda la mbuzi la mtu. Mkuyu ulikatwa ukachomwa mkaa. Wa kulaumu simwoni. Watu waliongezeka, kilima kilichoka, na tumbo haliulizi maji yalikuwa ya nani. Kaka yangu mwenyewe ana jaruba la mpunga pale pale palipokuwa na mafunjo, na nikiwa chuoni nilisomeshwa na mpunga huo. Nimeula, ni mtamu.

Wiki mbili baada ya ile safari ya hifadhini nilikwenda Mabawe kuwasalimu. Masenge amezeeka, macho yamefunga ukungu, anawatambua watu kwa sauti. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba nilitembea hifadhini, kwamba nilisikia korongo, ingawa kwenye simu. Niliketi karibu naye nikaanza, "Masenge, juzi tulikwenda kutazama ndege." Akanipapasa mkono. "Ulikula lakini?" akauliza. "Umekonda." Nikamwambia nilikula. Basi, mazungumzo yakaishia hapo, tukazungumzia bei ya sukari na wagonjwa wa huku kwetu.

Nililala chumbani kwake, kwenye mkeka. Kulipopambazuka niliamshwa na makelele makubwa kutoka bondeni, makopo yanagongwa, watoto wanapiga mayowe huku na huko kama kijiji kimevamiwa. Nikakurupuka. Masenge alikuwa ameshaamka, ameketi kitandani na rozari yake, uso ameuelekeza ukutani.

"Usishtuke," alisema. "Ni watoto, wako kwenye mpunga. Wanafukuza ndege."